Sewa Haji ni nani? Historia ya jina lililoko Muhimbili

Wasikilizaji wetu wa Mbulu na Hanang waliowahi kupeleka mgonjwa Muhimbili kwa rufaa wanalijua jina hili. Ndugu waliobaki Haydom au Katesh wakipiga simu kuuliza mgonjwa amelazwa wapi, huenda wakaambiwa yuko jengo la Sewahaji. Jina limeshakuwa neno moja, kama jina la mtaa. Lakini Sewa Haji alikuwa mtu, tena mtu ambaye maskini wengi wa pwani walipata kitanda kwa fedha zake.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1851, katika familia ya Wahindi Waismailia yenye asili ya Kutch, India. Baba yake alikuwa mwenye duka, na kijana aliingia kwenye biashara hiyo mapema. Mahali alipojipatia jina ni Bagamoyo.

Wakati huo Bagamoyo ndiko misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikoishia. Pembe za ndovu zilishuka, nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara. Reli hapakuwa, na punda na ng'ombe waliuawa na ndorobo njiani. Kwa hiyo kila kitu kilibebwa na watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulifika kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, naye aliubeba kwa miezi. Anayejua kupandisha gunia la mahindi kutoka bondeni atalielewa hilo bila kuelezwa zaidi.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuandaa misafara hiyo: kutafuta wapagazi, kuwapa mizigo na kuuza vitu vya safari. Wamisionari na wasafiri wa Kizungu, akiwemo Henry Morton Stanley, walipata wapagazi kwake. Alitajirika sana. Utajiri huo ulitoka mabegani mwa Wanyamwezi, Wasukuma na wengine, na katika biashara ya misafara ya zama zile zilikuwamo pia bunduki, baruti na pembe zilizobebwa na watumwa. Sisi hatuoni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa tu baadaye alitoa sadaka.

Na alitoa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wajerumani walipokuwa wamehamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, alimpa Gavana Julius von Soden fedha za kujenga hospitali. Sharti lake lilikuwa kwamba watu wapokelewe bila kuangalia rangi wala dini. Bagamoyo alitoa jengo la ghorofa kwa ajili ya shule, kwa sharti hilohilo.

Kinachotugusa zaidi ni wosia wake. Aliacha nyumba na mali, mapato yake yasaidie wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo na kununua chakula cha wagonjwa maskini hospitalini. Chakula! Kwetu huku mgonjwa akilazwa, nyumba nzima huhama na sufuria, mmoja apike, mwingine alinde. Asiye na ndugu hula nini? Ni swali ambalo watoaji wengi wa misaada hulisahau wakishamaliza kupaka jengo rangi.

Alifariki Februari 1897, akiwa na miaka 46.

Mwaka huohuo, 1897, ilifunguliwa hospitali nyingine ya Dar es Salaam, ile ya Ocean Road, ufukweni, kwa ajili ya Wazungu. Hivyo sharti la Sewa Haji likapindishwa kirahisi: hospitali yake haikumfukuza mtu kwa rangi, ila Mzungu alikuwa na ya kwake, na ya Sewa Haji ikabaki ya Waafrika na Wahindi. Waingereza walipochukua nchi, utaratibu haukubadilika sana.

Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya kubwa, ikapewa jina la Princess Margaret wa Uingereza, na ndiyo Muhimbili ya leo. Hospitali ya zamani ya Sewa Haji haikuhitajika tena, ikabomolewa. Jina lilihamia kwenye jengo moja la Muhimbili, ambako lipo mpaka sasa.

Ocean Road haikubomolewa. Majengo yake ya Kijerumani yamehifadhiwa, na ndani yake kuna taasisi ya saratani ambako wagonjwa kutoka Manyara nao hupelekwa. Kwa hiyo jengo la waliokuwa nacho linaonekana hadi leo, la wasiokuwa nacho limebaki jina. Anayetaka kuona kwa macho jengo ambalo Sewa Haji mwenyewe alilitoa, aende Bagamoyo, mji mkongwe, akaulizie ile shule.