Bwana wa Tone la Zebaki

Wanachama wenzangu, kila tuingiapo maabara ya kemia twaonywa tusichezee zebaki, eti ni sumu. Ni kweli. Lakini yuko mtu aliyekaa nayo karibu maisha yake yote, akaigeuza kuwa mpelelezi wa metali zilizojificha majini!

Jaroslav Heyrovský alizaliwa Prague tarehe 20 Desemba 1890. Babake alikuwa profesa wa sheria za Kirumi, lakini kijana mwenyewe alivutiwa na fizikia na kemia, akaenda kusoma London mwaka wa 1910. Huko Profesa Donnan alimpa kazi ya kupima elektrodi ya alumini. Lo! Alumini ilijifunika gamba na mapovu, vipimo vikawa havikai. Vita vya 1914 vilimkuta likizoni nyumbani, akaishia kutumikia hospitali ya jeshi.

Mnamo 1918, katika mtihani wake wa udaktari, Profesa Kučera alimwuliza juu ya zebaki inayodondoka kutoka kwenye mrija mwembamba wa kioo. Swali hilo likamnasa. Kwa muda mrefu alikusanya matone na kuyapima uzani, kazi ya kuchosha ajabu. Februari 1922 akaona heri apime mkondo wa umeme wenyewe. Hapo mambo yakajipa! Ukipandisha volti polepole, kila metali hungoja zamu yake: risasi hutangulia, kisha kadimiamu, halafu zinki. Zamu ikifika, mkondo hupanda kama ngazi, na kimo cha ngazi huonyesha kiasi cha metali iliyomo. Tena kila tone ni jipya, halina gamba wala uchafu wa lile lililopita. Taabu ya alumini kwisha!

Baadaye yeye na Mjapani Masuzo Shikata waliunda polarografu, mashine iliyojichorea vipimo yenyewe. Wanazi walipofunga vyuo vikuu vya Kicheki mwaka wa 1939, mwenzake Mjerumani aliyeuchukia Unazi alimwezesha kuendelea na utafiti. Tuzo ya Nobel ilikawia hadi 10 Desemba 1959, siku kumi kabla hajatimiza miaka 69.

Aliaga dunia tarehe 27 Machi 1967. Siku hizi watafiti wengi wanaikwepa zebaki kwa sababu ya sumu yake, wakatumia elektrodi za kaboni zilizopakwa chembechembe ndogo mno za dhahabu au bismuthi. Hata hivyo risasi iliyomo majini bado hutambuliwa kwa volti yake, vilevile alivyoitambua Heyrovský.