Yusuf bin Hassan: Prinsi wa Mombasa Aliyeingia Jeshi la Wareno, Akawageuka, na Lamu Ndiyo Ikalipa

Lamu imezoea kuona wanajeshi wa nje. Pale Manda Bay makomando wa Marekani wamekaa miaka na wenzao wa KDF, na Januari 5, 2020, Al-Shabaab walipovamia hiyo kambi ndipo wasee wengi wa Nairobi walijua hata kuna mahali kunaitwa hivyo.

Na huku mtaani swali ni lile lile: msee wa Kenya anaweza aje kuingia jeshi la wenyewe? Kuna wenye walipata green card wakavaa gwanda la Marekani. Kuna wenye wanaota kuhusu Lejoni ya Ufaransa, ambayo imekuwa ikichukua wageni tangu 1831. Na kuna familia hapa Kenya zinalia saa hii juu ya maboy wao waliojipata kwenye vita vya Urusi, na walikuwa wameahidiwa kazi tofauti kabisa.

Sasa sikia hii ya miaka karibu 400 iliyopita. Jamaa wa Pwani aliingia jeshi lililokuwa moto kuliko yote kwenye Bahari ya Hindi, akapanda mpaka akapewa beji ya mashujaa wa juu kabisa. Halafu akawageuka. Hakuzaliwa Lamu, lakini visiwa vya Lamu ndivyo vilikatiwa risiti.

Anaitwa Yusuf bin Hassan. Alizaliwa Mombasa karibu mwaka 1607, na damu yake ilikuwa ya masultani wa Malindi. Malindi na Wareno walikuwa mabeshte tangu Vasco da Gama atie nanga huko 1498. Kwa hivyo Wareno walipoiangusha Mombasa 1589, na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, walimtoa Sultani Ahmad Malindi wakamkalisha kwenye kiti cha Mombasa. Makubaliano yalikuwa mfalme apate theluthi moja ya ushuru wa bandari. Kwa karatasi ilikaa fiti sana.

Kwa ground ilikuwa vitu tofauti. Kapteni wa ngome alikuja kwa miaka michache tu, na wengi walikuja kujaza mifuko wasepe. Hassan, babake Yusuf, alipoingia kwenye kiti alianza kuzozana nao juu ya pesa na biashara. 1614 mambo yakachemka, Hassan akahepa bara, upande wa Rabai, akajificha kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo. Wareno hawakumfuata na jeshi. Walituma nguo. Nguo ndiyo ilikuwa chapaa ya siku hizo, na ilitosha. Hassan aliuawa na watu waliompa maficho, na kichwa chake kikasafirishwa mpaka Goa, India, makao makuu ya Wareno upande huu wa dunia.

Yusuf alikuwa na miaka kama saba hivi. Na hapa ndipo stori inakuwa noma: mtoto naye akapelekwa Goa hiyo hiyo, kulelewa na serikali iliyonunua kifo cha babake.

Huko Goa alikabidhiwa kwa mapadri wa Kiagustino. Akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Akasoma Kireno, akajifunza kuvaa, kula na kusali kama wao, na baadaye akaoa mwanamke wa huko kwa jina Dona Isabel. Lakini hakulelewa kuwa padri. Aliingizwa kwenye manowari.

Elewa hizo manowari zilikuwa nini. Ureno ilikuwa nchi ndogo, watu kidogo, na ilikuwa imeshika bahari kutoka Msumbiji mpaka Uchina. Siri haikuwa wingi wa watu. Ilikuwa mizinga juu ya meli, na wasee wachache wanaojua kuitumia. Mpiga mzinga alikuwa fundi wa maana. Lazima ajue baruti kiasi gani, risasi ya uzito gani, meli inayumba aje, na wakati gani hasa wa kuwasha. Ukikosea kidogo, mzinga unakulipukia wewe na mbogi yako. Huu ujuzi haukuwa wa kugawia kila mtu, na mtoto wa Mombasa aliupata. Alitumika baharini upande wa Ghuba, wakati Wareno walikuwa wanachapana na Waajemi na Waingereza juu ya Hormuz, ngome waliyoipoteza 1622. Kumbuka hii ya mizinga, itarudi.

Kisha akapewa kitu kikubwa zaidi: akaingizwa kwenye Mashujaa wa Kristo. Kama umewahi kuona picha za meli za Wareno zikiwa na msalaba mwekundu kwa matanga, huo ndio msalaba wao. Hiki chama kilianzishwa 1319 na kurithi mali ya Watempla wa Ureno, wale mashujaa wa vita vya msalaba. Haikuwa kikosi cha kuruka na parachuti, sawa, lakini kwa heshima hapakuwa na kitu juu yake. Mtu mweusi wa Pwani, mwana wa sultani Mwislamu, akatundikiwa huo msalaba kifuani.

1626 wakamvika taji wakamrudisha Mombasa kama mfalme, na mwaka uliofuata akamwandikia Papa kumhakikishia utii wake. Miaka yake ilikuwa kama 19. Wareno waliona wamemaliza kazi: wamejitengenezea mfalme wao.

Shida ni kwamba hakuwa wa mtu yeyote. Watu wa Mombasa walimwona Mreno mweusi. Anaenda misa, haendi msikiti, jina lenyewe ni la kigeni. Na wale Wareno wa ngome, makarani na makapteni, walimwona mwenyeji tu aliyevalishwa vizuri. Mwenye alikuwa amesimama kwenye manowari na wanaume wao akawa anadharauliwa na watu ambao wengine hawajawahi kuwasha fataki. Theluthi ya ushuru ilikuwa na maneno. Heshima ilikuwa na maneno. Unaeza kuvaa msalaba wao na bado karani akuangalie ni kama umekuja kuomba.

Inasemekana alianza kwenda usiku kwenye kaburi la babake, kuomba dua kwa njia ya Kiislamu. Mtu akamwona, na mtu huyo akapeleka maneno kwa kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Mpango ukawa ni kumkamata na kumrudisha Goa akahukumiwe kwa kuasi dini. Yusuf alishajua kichwa cha babake kilifika huko aje. Hakungoja.

Ilikuwa katikati ya Agosti 1631, msimu wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Yusuf aliingia Fort Jesus na watu wake kama mgeni wa heshima, juu nani angemzuia mfalme mwenye msalaba wa Kristo? Ndani akamchoma kapteni kisu. Watu wake wakamaliza walinzi. Ngome ambayo ilijengwa kuzuia majeshi ya baharini ikaangushwa kutoka ndani.

Hapa wasimulizi wengi wa Pwani hupiga kona haraka, lakini haifai. Wareno wa mjini walikimbilia kwenye nyumba ya mapadri, wakashikilia kwa siku kadhaa, wakajisalimisha, na wakauawa. Makadirio ni wanaume 45, wanawake 35 na watoto 70. Kulikuwa pia na Wakristo Waafrika, wengine waswahili kabisa, waliopewa nafasi ya kuiacha dini yao wakakataa, nao wakauawa. Watoto 70, buda. Mimi naelewa hasira ya Yusuf mpaka hapo mlangoni kwa mapadri, baada ya hapo siwezi.

Akarudisha jina lake na dini yake, akajitangaza sultani asiye chini ya mtu. Goa wakatuma meli za vita chini ya Francisco de Moura, na mwanzo wa 1632 wakaizingira Mombasa. Sasa ile mizinga ikarudi. Kwa mara ya kwanza Wareno walikuwa wanaipiga ngome yao wenyewe, na ndani yake kulikuwa na mtu waliyemfunza wenyewe, na mizinga yao, na baruti yao. Walijaribu wakashindwa, wakarudi Goa mikono mitupu.

Lakini Yusuf alijua wangerudi wakiwa wengi. Mei 1632 akabomoa alichoweza, akapakia mizinga na watu kwenye vyombo, akasepa. Wareno walipoingia tena Agosti hiyo walikuta magofu. Miaka iliyofuata Yusuf aliishi kama haramia: mara Uarabuni, mara Komoro, mara Bukini, akivizia meli za watu waliomlea. Alikufa karibu 1638, upande wa Jeddah, na waliomuua walikuwa maharamia wenzake tu. Hakuwa amefika hata miaka 35.

Sasa Lamu inaingia wapi?

Visiwa vya Lamu vilikuwa na kesi na Wareno kabla Yusuf azaliwe. 1587 waliivamia Faza, kwenye kisiwa cha Pate, wakaua watu pamoja na mfalme, wakakata minazi 10,000. Minazi, wasee. Mnazi ni chakula, ni mafuta, ni kamba ya jahazi, ni makuti ya paa. Ukikata hiyo yote umemaliza kizazi ambacho hakijazaliwa. Miaka miwili baadaye wakamkata kichwa Bashira, mfalme wa Lamu, hadharani pale Pate, juu alikuwa amewasaidia Waturuki.

Kwa hivyo habari ya kwamba Fort Jesus imeanguka ilipofika, Pate, Siyu na Manda walifanya hesabu rahisi. Waliacha kulipa kodi. Kama wenye ngome hawana ngome, unalipa nani?

Jibu lilifika na kapteni mpya, Francisco de Seixas de Cabreira. Huyu alikabidhiwa ngome 1635 akiwa na miaka 27, yaani rika moja kabisa na Yusuf. Yusuf alikuwa ameshaenda, hakuna pwani ya kumkamatia. Waliobaki ni wenye nyumba za mawe, misikiti na mashamba, watu wasioweza kuingia kwenye meli na kupotea. Seixas akapanda kaskazini. Manda ikalipishwa kodi, na Uziwa, mji uliokuwa bara ng'ambo ya Lamu, vile vile. Pate na Siyu zikapewa adhabu ya peke yake: kuta za miji zikavunjwa mpaka chini. Mji wa Kiswahili bila ukuta ulikuwa wazi kwa kila mtu, adui wa baharini na adui wa bara. Kisha akashuka Pemba, akawaua viongozi wao.

Najuaje? Mwenyewe aliandika. Ukienda Fort Jesus leo, pale langoni, inua macho kabla upige selfi. Kuna jiwe la mwaka 1639 lenye maandishi ya Kireno. Limeorodhesha Manda, Uziwa, Pate, Siyu na Pemba moja baada ya nyingine, kama mtu anajaza CV. Na mwishoni limetaja alicholipwa kwa hiyo kazi: cheo kwenye nyumba ya mfalme, pensheni ya kila mwaka, na ugavana wa Jaffna kule Sri Lanka. Limetaja pia kwamba alikuwa ameshaingizwa kwenye Mashujaa wa Kristo.

Msalaba ule ule. Mmoja aliupewa akiwa yatima wa Mombasa, mwingine akautumia kubomoa Pate. Jiwe linasema watu wa Pwani waliasi chini ya mfalme dhalimu, na jina la huyo mfalme halijaandikwa. Pate yenyewe, ukitembea kwenye magofu, utapata watu wamelima tumbaku katikati ya kuta.