Christopher Latham Sholes

Christopher Latham Sholes (14 Februari 1819 – 17 Februari 1890) alikuwa mchapaji, mhariri wa magazeti, mwanasiasa na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kama kiongozi wa kundi lililotengeneza taipureta ya kwanza iliyofanikiwa sokoni. Anakumbukwa pia kwa mpangilio wa herufi unaoitwa QWERTY, kutokana na herufi sita za mwanzo za mstari wa juu. Mpangilio huo ndio unaotumika hadi leo katika kibodi nyingi za kompyuta na simu duniani, zikiwemo zile za Afrika Mashariki.

Maisha ya awali

Sholes alizaliwa katika kijiji cha Mooresburg, jimbo la Pennsylvania. Akiwa kijana alijifunza kazi ya uchapaji katika mji wa Danville. Wakati huo kila herufi ya gazeti ilipangwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye sanduku lenye vyumba vidogo. Mchapaji mzuri hakutazama sanduku: mkono wake ulijua kila herufi inakaa wapi.

Mwaka 1837 alihamia Wisconsin, eneo ambalo lilikuwa bado halijawa jimbo kamili, akafanya kazi katika magazeti pamoja na ndugu zake. Mwaka 1841 alimwoa Mary Jane McKinney, wakajaliwa watoto kumi. Baadaye alikuwa mhariri wa gazeti katika mji wa Southport, ambao sasa unaitwa Kenosha, kisha akahamia Milwaukee.

Siasa

Wisconsin ilipokuwa jimbo mwaka 1848, Sholes alichaguliwa katika Seneti ya jimbo hilo. Alikuwa pia mbunge katika miaka ya 1852 na 1853, akarudi tena katika Seneti mwaka 1856.

Mwezi Agosti 1851 mfungwa John McCaffary alinyongwa hadharani huko Kenosha mbele ya umati wa watu. Sholes aliandika gazetini kupinga adhabu ya kifo, na alipoingia bungeni alikuwa mstari wa mbele kutaka ifutwe. Adhabu hiyo ilifutwa Wisconsin mwaka 1853 na haijarudishwa tangu hapo. Baada ya siasa, Sholes alishika vyeo vya serikali huko Milwaukee, kikiwemo cha ofisa wa ushuru wa bandari.

Uvumbuzi wa taipureta

Uvumbuzi wa Sholes ulianza na tatizo dogo la kazini. Yeye na mchapaji mwenzake Samuel Soule walitengeneza mashine ya kupiga namba kwenye kurasa na tiketi, wakapata hataza mwaka 1866. Walifanya kazi hiyo katika karakana ya Kleinsteuber huko Milwaukee. Mwanasheria Carlos Glidden, aliyekuwa akitengeneza jembe la mashine mahali hapohapo, aliuliza kwa nini mashine ile isipige herufi badala ya namba peke yake.

Mwaka 1867 wenzake hao walisoma katika jarida la Scientific American habari za mashine ya kuandikia iliyobuniwa na John Pratt. Sholes aliona anaweza kutengeneza iliyo rahisi zaidi. Kwa jaribio la kwanza alitumia kibonye cha kupigia simu ya maandishi, akakifunga ili kipige herufi moja tu, W, kwenye karatasi. Jaribio hilo lilitosha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Tarehe 23 Juni 1868 Sholes, Glidden na Soule walipewa hataza ya mashine yao. Vibonye vyake vya mwanzo vilifanana na vya piano.

Mfanyabiashara James Densmore alinunua sehemu ya haki za mashine hiyo kabla hata hajaiona, akawa msukumo mkubwa wa kazi yote. Yeye ndiye aliyetaka ijaribiwe na watu walioandika kwa riziki. Mmoja wao alikuwa James Clephane, mwandishi wa hati mkato huko Washington, aliyetumia sampuli moja baada ya nyingine mpaka zikaharibika na kurudisha malalamiko makali. Sholes alikasirika na kukata tamaa mara kadhaa, lakini Densmore alishikilia kwamba ni afadhali kasoro zionekane kabla mashine haijaingia sokoni. Soule na Glidden walijitoa katika kazi hiyo polepole, Sholes akaendelea.

Tarehe 1 Machi 1873 mkataba ulifungwa na kampuni ya E. Remington and Sons ya mji wa Ilion, New York, iliyokuwa ikitengeneza bunduki na cherehani. Mashine ilianza kuuzwa mwaka 1874 kwa dola 125. Ilifanana na cherehani: ilichorwa maua, na sehemu inayobeba karatasi ilirudishwa kwa kukanyaga pedali. Iliandika herufi kubwa tu. Tena nyundo zake zilipiga karatasi kutoka chini, hivyo mwandishi hakuona alichoandika mpaka mistari kadhaa ipite.

Sholes aliuza haki zake kwa dola 12,000. Densmore alichagua kulipwa sehemu ya mauzo ya kila mashine, akawa tajiri.

Mpangilio wa herufi

Katika sampuli za awali herufi zilifuata utaratibu wa alfabeti. Sholes alizihamisha mara nyingi katika miaka ya 1868 hadi 1873. Maelezo ya sababu zake ni mawili. La kwanza ni kwamba nyundo za herufi zinazofuatana mara kwa mara ziligongana na kukwama, hivyo zilitenganishwa. La pili ni kwamba watumiaji wa mwanzo, hasa waliopokea habari za simu ya maandishi, walitoa mapendekezo kufuatana na kazi yao. Alama za alfabeti ya zamani bado zinaonekana katika mstari wa kati: D, F, G, H, J, K na L zimefuatana, zikikosa irabu E na I tu.

Mwaka 1878 Remington ilitoa taipureta ya pili, iliyokuwa na kibonye cha kubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa, yaani Shift. Nyundo moja ilibeba herufi mbili, na kibonye kimoja kikashikwa ili kingine kibadilike maana. Njia hiyo ya kushika kibonye kimoja na kubonyeza kingine ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa amri nyingi za mkato za kompyuta. Mwaka huohuo Sholes alipata hataza nyingine yenye mpangilio unaokaribia kabisa ule wa leo, isipokuwa M ilikuwa kando ya L, na nafasi za C na X zilikuwa kinyume.

Kujifunza kwa vidole

Kwa miaka mingi watu waliandika kwa vidole viwili au vinne huku wakitafuta herufi kwa macho. Elizabeth Longley, mwalimu wa Cincinnati, alichapisha mwaka 1882 masomo ya kutumia vidole vyote. Tarehe 25 Julai 1888, katika mji huohuo, Frank McGurrin, mwandishi wa hati mkato wa mahakama kutoka Salt Lake City, alishindana na Louis Traub. McGurrin alikuwa amekariri kibodi ya Remington na aliandika bila kuitazama. Traub alitumia mashine ya Caligraph yenye vibonye tofauti kwa herufi kubwa na ndogo. McGurrin alishinda kwa urahisi, na habari zake zikaenea magazetini.

Ushindi huo ulionyesha kwamba mashine peke yake haiokoi muda: muda unaokolewa na mtu aliyeizoea. Lakini ulikuwa na matokeo mengine pia. Kadiri shule zilivyofundisha QWERTY ndivyo ilivyokuwa vigumu kuuza mpangilio mwingine, kwa kuwa maelfu ya makarani wangelazimika kujifunza upya.

Miaka ya mwisho

Sholes mwenyewe hakuona kazi yake kuwa imekwisha. Ingawa aliugua kifua kikuu kwa miaka mingi, aliendelea kubuni taipureta nyingine, akisaidiwa na baadhi ya wanawe. Aliomba hataza ya mashine yenye mpangilio tofauti na QWERTY. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1896, miaka sita baada ya kifo chake, na mpangilio wake haukuenea. Alifariki huko Milwaukee na kuzikwa katika makaburi ya Forest Home.

Mwaka 1936 August Dvorak alipewa hataza ya mpangilio mwingine uliokusudiwa kupunguza mwendo wa vidole, lakini nao haukuiondoa QWERTY.

Urithi katika kompyuta

Kompyuta zilirithi kibodi ya taipureta, zikaongeza vibonye kama Ctrl. Mhandisi Bill Joy alipotunga programu ya kuhariri matini iitwayo vi mwaka 1976, alitumia herufi H, J, K na L kuhamisha kasa wa kuandikia, yaani kushoto, chini, juu na kulia. Terminali aliyotumia ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi hizo. Zinakaa pamoja chini ya mkono wa kulia kwa sababu Sholes aliziacha katika mfuatano wa alfabeti zaidi ya miaka 100 kabla ya kompyuta za nyumbani kuenea.

Vivyo hivyo amri za kutengua, kukata, kunakili na kubandika hutumia Z, X, C na V, herufi nne zinazofuatana katika mstari wa chini. Mkono wa kushoto unazifikia zote huku ukishika Ctrl, na mkono wa kulia unabaki huru.

QWERTY na Kiswahili

Sholes alipanga herufi akifikiria Kiingereza. Kiswahili sanifu, ambacho tahajia yake ilisimamiwa na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930, hakihitaji herufi yoyote ya ziada, wala hakitumii Q na X. Hata hivyo mzigo wa vidole unakuwa tofauti. Herufi A, inayojitokeza sana katika Kiswahili, iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, ambacho ni dhaifu. Kwa upande mwingine K, ambayo Kiingereza huitumia kidogo, iko chini ya kidole cha kati cha kulia, mahali pazuri kwa lugha yenye maneno mengi kama kazi, kitabu na kwamba.

Mpangilio huo ndio anaoukuta mwanafunzi anayeanza kompyuta Kilosa, kwenye reli ya kati, au mwenye steshenari anayeandikia wateja barua za maombi ya kazi Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Anayekariri nafasi za herufi na amri chache za mkato humaliza barua mapema kuliko anayezitafuta kwa macho, kama ilivyokuwa kwa McGurrin mwaka 1888.