Cicely Williams: Daktari aliyekataa kumtenga mtoto mgonjwa na nyumbani kwao

Katika hospitali nyingi, kazi ya daktari huhesabiwa kuwa imekamilika mtoto anapopewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Dkt Cicely Williams alitumia maisha yake kuipinga dhana hiyo.

Alizaliwa Desemba 2, 1893 nchini Jamaica, kisiwa kilichokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford, enzi ambapo wanawake walikuwa wachache mno katika taaluma hiyo, akafuzu mwaka wa 1923. Mnamo 1929 serikali ya kikoloni ilimtuma Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana.

Huko alikuta watoto wadogo waliovimba miguu, nywele zimepauka na ngozi inabambuka. Wengi wao walifariki. Williams hakuridhika kukisia akiwa mezani. Aliwauliza akina mama. Nao wakamtajia jina la Kiga, kwashiorkor, yaani maradhi yanayompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Fumbo likafumbuka. Mtoto aliyeachishwa ziwa kumpisha mdogo wake alibaki kulishwa uji wa mahindi usiokuwa na protini ya kutosha.

Aliyaeleza maradhi hayo kitaalamu mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 jarida la Lancet likachapisha makala yake yenye jina hilo. Baadhi ya mabingwa walimpinga, wakishikilia kuwa huo ulikuwa ugonjwa wa pelagra. Wakati ulimpa haki. Hapa Afrika Mashariki maradhi hayo huitwa unyafuzi, na Dkt Hugh Trowell, aliyehudumu Kenya kisha Uganda, ni miongoni mwa waliouendeleza utafiti huo.

Hata hivyo, kuyatambua maradhi hakukutosha. Katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise mjini Accra, Williams alibaini kwamba mtoto aliweza kupata nafuu wodini, kisha akarudi kwenye chakula kile kile kilichomdhuru. Idara za kikoloni zilitenga tiba na kinga, kana kwamba ni kazi mbili zisizojuana. Yeye alianzisha kadi za kuhifadhi habari za kila mtoto, akawafunza wauguzi kuwatembelea watoto majumbani na kuwapima hata walio wazima.

Msimamo wake haukuwapendeza wakubwa wake. Mwaka wa 1936 alihamishiwa Malaya. Mnamo 1939, akihutubia mkutano mjini Singapore, alishutumu vikali biashara ya maziwa ya mkebe yenye sukari, iliyowashawishi akina mama kuacha kunyonyesha. Kwake yeye, vifo vilivyotokana na ushawishi huo vilikuwa sawa na mauaji.

Vita vya Pili vya Dunia vilimtia kifungoni. Wajapani walipoiteka Singapore mwaka wa 1942, alizuiliwa katika gereza la Changi, na kwa miezi kadhaa akawa mikononi mwa polisi wa kijeshi. Alitoka akiwa amedhoofika, lakini mwaka wa 1948 akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani (WHO).

Mwaka wa 1972 alichapisha kitabu kuhusu huduma za mama na mtoto pamoja na Dkt Derrick Jelliffe, aliyewahi kufundisha Makerere. Alifariki mjini Oxford mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka 98.

Funzo lake lingali hai. Mama anapotoka zahanati ya kijijini na barua ya rufaa, daktari wa hospitali kuu humjua mtoto kupitia karatasi hiyo. Lakini mtoto anaporuhusiwa, ni mara ngapi barua nyingine hurudi zahanati kueleza alitibiwa nini, dawa gani ziendelee na dalili zipi ziangaliwe? Barua hiyo isipoandikwa, mhudumu wa kijijini hubahatisha, na mama hulazimika kusimulia kwa kumbukumbu mambo ambayo pengine hakuelezwa vyema.

Williams alijua kuwa mtoto huugulia nyumbani kabla ya kuugulia wodini, na hupona kikamilifu huko huko. Hospitali isiyozungumza na wanaomlea imefanya nusu tu ya kazi yake.