Jacquard: Mfumaji aliyeipa mashine maagizo

JOSEPH Marie Jacquard alizaliwa mwaka wa 1752 mjini Lyon, Ufaransa, katika familia ya mfumaji wa hariri.

Mnamo 1804, akiendeleza kazi ya waliomtangulia, aliunda mtambo wa kufuma ulioongozwa na kadi zenye matundu. Aliyetaka nakshi mpya alibadilisha kadi tu, si mtambo.

Wafumaji waliohofia riziki yao waliupinga vikali, lakini serikali ya Napoleon ilimtunuku Jacquard pensheni.

Alifariki mwaka wa 1834. Mnamo 1952, chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wenye matundu.

Leo kompyuta ndizo huongoza mashine hizo. Programu ikibadilishwa, mtambo ule ule hutenda mapya.