Wiremu Tamihana: Mmaori aliyemtawaza mfalme, akafa akiitwa muasi

Septemba 5, 2024 picha kutoka mji mdogo wa Ngāruawāhia, New Zealand, zilizunguka dunia nzima. Binti wa miaka 27, Ngā wai hono i te pō, alikuwa anatawazwa kuwa malkia wa Wamaori baada ya kifo cha baba yake, Mfalme Tūheitia. Katika sherehe hiyo Biblia ya zamani iliwekwa juu ya kichwa chake.

Biblia hiyo si pambo. Inatajwa kuwa ndiyo iliyotumika mwaka 1858 kumtawaza mfalme wa kwanza wa Wamaori. Aliyeishika siku ile ni chifu mmoja anayeitwa Wiremu Tamihana, na mpaka leo kazi hiyo ni ya ukoo wake.

Wengi wetu tukisikia Wamaori tunakumbuka haka, ile ngoma ya timu ya raga ya All Blacks. Wachache wanajua kwamba watu hawa waliwahi kukaa chini na kubuni taifa lao wenyewe, lenye mfalme, bendera na hata gazeti. Na mtu aliyehangaika zaidi kulijenga hakuwa mfalme.

Mtoto wa mpiganaji

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 katika eneo la Waikato, Kisiwa cha Kaskazini, akaitwa Tarapipipi. Baba yake, Te Waharoa, alikuwa chifu wa kabila la Ngāti Hauā, mpiganaji aliyeogopwa mbali. Ni miaka ambayo bunduki za Wazungu zilikuwa zimeingia na makabila yanamalizana. Tarapipipi naye alipigana akiwa kijana.

Halafu wakaja wamisionari. Akajifunza kusoma na kuandika kwa lugha yake, na baba yake alipofariki mwaka 1838, yeye ndiye akashika uongozi ingawa hakuwa mtoto wa kwanza. Mwaka uliofuata alibatizwa, akachukua jina la Wiremu Tamihana, yaani William Thompson kwa matamshi ya Kimaori.

Hapo ndipo alipogeuza njia ya baba yake. Alianzisha kijiji cha Wakristo, kisha mwaka 1846 kingine kikubwa zaidi kiitwacho Peria, chenye kanisa, shule, posta, kinu cha kusaga ngano na mashamba. Ngano na mahindi ya watu wake vilikuwa vinauzwa mpaka Auckland, mji mkuu wa koloni wakati huo. Kumbuka hawa ndio watu ambao magazeti ya walowezi yaliwaita washenzi.

Alizungushwa ofisini

Tatizo lilikuwa ardhi. Mwaka 1840 machifu wengi walisaini Mkataba wa Waitangi na Waingereza. Nakala ya Kiingereza ilisema jambo moja, ya Kimaori jingine, na ugomvi wake haujaisha hadi leo. Meli zikaendelea kushusha walowezi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1850 walikuwa wamewazidi wenyeji kwa idadi. Kila mlowezi alitaka shamba. Chifu mmoja akiuza kipande, mwenzake anadai ni cha kwake, bunduki zinatoka.

Tamihana alienda Auckland kuomba serikali isaidie kuweka sheria na mabaraza kwa ajili ya Wamaori. Gavana hakumpa nafasi ya kumuona. Ukishawahi kuzungushwa kwenye ofisi ya serikali unajua mtu anavyorudi nyumbani. Yeye alirudi akachukua kalamu. Februari 1857 aliwaandikia machifu wa Waikato kwamba anamuunga mkono Te Wherowhero awe mfalme.

Wazo la kuwa na mfalme halikuwa lake peke yake, lilishajadiliwa kwenye mikutano ya makabila. Ila Tamihana ndiye aliyelisukuma mpaka likawa kitu. Wamaori hawakuwahi kuwa na mfalme wa kuunganisha makabila, kwa hiyo kila kitu kilibidi kitungwe upya. Aliyechaguliwa naye alikuwa mzee na mwanzoni alisita. Mzee huyohuyo, miaka michache nyuma, serikali ilimwomba akae karibu na Auckland ili kuulinda mji.

Mwaka 1858, Ngāruawāhia, Te Wherowhero akatawazwa na kuitwa Mfalme Pōtatau. Walioingia kwenye umoja huo waliweka ardhi yao chini ya ulinzi wake, isiuzwe tena.

Serikali ya koloni iliona ni uasi dhidi ya Malkia Victoria. Tamihana hakuelewa kosa liko wapi. Kwa maelezo yake wafalme wawili wangeweza kukaa bega kwa bega, maana mataifa mengine nayo yana wafalme wao. Akamjibu gavana kwa Biblia ileile aliyofundishwa na wamisionari, Kumbukumbu la Torati, panapoagizwa mfalme atoke miongoni mwa ndugu na si mgeni. Binafsi sijaona jibu zuri alilopewa kwa hoja hiyo.

Na gazeti je? Liliitwa Te Hokioi, likichapwa Ngāruawāhia kwa mtambo ambao Wamaori wawili waliotembelea Vienna walipewa zawadi na mfalme wa Austria. Propaganda dhidi ya propaganda, miaka zaidi ya 160 iliyopita.

Rungu la jiwe la kijani

Pōtatau alifariki mwaka 1860, akarithiwa na mwanaye Tāwhiao. Mwaka huohuo vita vya ardhi viliwaka Taranaki, magharibi ya kisiwa. Baadhi ya vijana wa Waikato walikimbilia huko kupigana, na chifu Rewi Maniapoto alikuwa upande wa moto. Tamihana alienda Taranaki Machi 1861, si kupigana bali kusuluhisha, na mapigano yakasimama.

Haikusaidia sana. Gavana George Grey aliagiza barabara ya kijeshi ijengwe kuelekea Waikato, na Julai 12, 1863 jeshi la Jenerali Duncan Cameron likavuka kijito cha Mangatāwhiri, mpaka ambao watu wa mfalme walikuwa wameuweka. Tangazo la kuwaonya kwamba watakaopinga watapoteza ardhi liliwafikia watu baada ya askari kuwa wameshavuka. Kwa ujumla vita hiyo ilikusanya askari zaidi ya 10,000 wa Uingereza na wa koloni.

Novemba ngome ya Rangiriri ilianguka. Baada ya hapo Tamihana alimtumia Cameron mere yake, rungu fupi la jiwe la kijani. Kwa chifu wa Kimaori hiyo si zawadi ya kawaida, ni heshima yake yote anaiweka mkononi mwa adui ili wazungumze. Amani haikupatikana. Jeshi likasonga, likaingia Ngāruawāhia Desemba, kisha Februari 1864 likakishambulia kijiji cha Rangiaowhia kilichokuwa na wanawake, watoto na wazee.

Mei 27, 1865 alikutana na Brigedia Jenerali Carey huko Tamahere, akaiweka taiaha yake, silaha ndefu ya mti, miguuni kwake. Magazeti ya walowezi yakashangilia kwamba amejisalimisha. Kwake yeye yalikuwa makubaliano ya amani, na kama ni amani basi kulikuwa na la kuzungumza kuhusu ardhi.

La kuzungumza halikuwepo. Serikali ilitaifisha takribani ekari milioni 1.2 za Waikato kama adhabu kwa waasi, zikiwemo za watu ambao hawakushika bunduki.

Barua ya mwisho

Kilichomuuma ni hilo neno, muasi. Aliandika ombi kwa bunge, akataka uchunguzi ufanyike na ardhi irudishwe. Mwaka 1866 alisafiri mwenyewe hadi Wellington, makao mapya ya serikali, akatoa ushahidi mbele ya kamati. Alirudi bila ardhi na bila jina lake kusafishwa. Desemba mwaka huohuo akafariki.

Ufalme haukufa naye. Madai ya ardhi yalirithiwa kizazi hadi kizazi, wafalme wakabadilishana, mpaka Novemba 3, 1995, huko Wellington, Malkia Elizabeth II aliposaini mwenyewe sheria ya fidia kwa watu wa Waikato. Ndani yake serikali inakiri kwamba uvamizi wa 1863 ulikuwa wa makosa, na kwamba watu hao waliitwa waasi bila haki. Fidia ilikuwa dola milioni 170 za New Zealand, ikijumuisha ardhi ya chini ya ekari 40,000 iliyorudishwa. Tamihana alikuwa ameshakaa kaburini miaka 129 kasoro wiki chache.