Maisha ya Bwana Johannes Rebmann wa Rabai

Katika taarifa ya mwaka ni desturi yetu kuhesabu: wanachama wangapi wameingia, fedha kiasi gani zimepokewa na kutumika. Hesabu hizo ni za lazima. Lakini kuna kazi ambayo mwaka huisha bila jambo la kuandika daftarini, nayo si kazi bure. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwakumbusha wazee na wanachama habari za Bwana Rebmann.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika Ujerumani, kwa wazazi wakulima. Alitumwa na misheni ya C.M.S., akafika Mombasa mwezi wa Juni 1846, akimfuata Dakta Krapf aliyetangulia miaka miwili. Mwezi wa Agosti wote wawili wakahamia Rabai. Wazee wa Rabai walikuwa wamekutana barazani na kuwapa ruhusa ya kukaa. Pasipo neno la wazee hao, misheni isingesimamisha hata nguzo moja.

Majira ya kwanza yalikuwa ya safari. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Wako wataalamu wa London, ambao hawakupata kufika huko, waliomkanusha; ikapita miaka zaidi ya kumi ndipo wasafiri wengine walipothibitisha maneno yake.

Kisha ukaja ukame mrefu. Mkristo wa kwanza wa Rabai, jina lake Mringe, alikuwa kiwete, akabatizwa mauti yakiwa karibu. Mwaka wa 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka wa 1857 Wamasai walivamia nchi, Rebmann akakimbilia Unguja; hata alipopata nafasi akarudi. Mwaka wa 1866 mkewe alifariki, na macho yake mwenyewe yakazidi kufifia. Waumini walikuwa wachache mno. Hata hivyo aliendelea kufundisha na kukusanya maneno ya lugha zetu. Lugha ya Nyasa alifundishwa na Salimini, mtu aliyeletwa pwani utumwani. Kamusi yake ilipigwa chapa mwaka wa 1877.

Mwaka wa 1875 makao ya Freretown yalianzishwa Kisauni kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Mwaka huo huo Rebmann aliondoka, kipofu, baada ya miaka 29. Aliyemwongoza njiani hata Ulaya ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa Rabai. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Mavuno yalikuja nyuma yake. Ishmael Semler na William Jones, Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi, walipewa ushemasi mwaka wa 1885, na mwaka wa 1887 Rabai ikapata kanisa lake kubwa. Rebmann hakuyaona hayo.

Basi, wazee wetu na wanachama wenzetu, tukikuta mwaka mwembamba katika daftari, tusiulize tu ni wangapi walioongezeka. Tuulize pia ni nani aliyebaki kazini, na ni nani aliyemshika mkono alipochoka.